Kusi Inapovuma: Jinsi ya Kuvua Ndani ya Mwamba kwa Chambo Bandia

Kila mwaka ukifika mwezi wa tano, ujumbe unaoingia studio kutoka vijiji vya pwani hubadilika. Wakati wa kaskazi watu huuliza bei ya nguru na jodari mnadani. Kusi ikishaanza, swali huwa moja: bahari ya nje imechafuka, ngalawa ziko mchangani, watoto wanataka ada na chakula, tufanye nini mpaka mwezi wa tisa?

Hakuna jibu moja la swali hilo. Ila ipo njia moja ambayo wengi wanaijua nusu nusu na wachache wanaitumia vizuri: kuvua karibu na nchi, ndani ya mwamba, kwa mshipi na chambo bandia cha chuma, mpira au manyoya. Makala haya yanaeleza namna chambo hicho kinavyofanya kazi, saa za kukitumia, mahali pa kukitupa, na hatari ambazo zimechukua watu waliokuwa na nia njema tu ya kutafuta kitoweo.

Kipupwe kinabadilisha nini baharini

Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi mwezi wa tisa. Katikati yake, Juni hadi Agosti, ndipo penye kipupwe chenyewe. Maji ambayo mwezi wa tatu yalikuwa na joto la nyuzi 29 hivi hushuka hadi karibu nyuzi 25. Kwa mtu anayeoga baharini huo ni ubaridi. Kwa samaki wetu si baridi ya kumfanya alale, kama inavyotokea nchi za mbali zenye theluji. Anaendelea kula.

Kinachobadilika zaidi ni mambo matatu. Kwanza, mawimbi ya nje ya mwamba huwa makubwa, na chombo kidogo hakiwezi kufika kwenye vina kwa usalama. Pili, mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini kando ya pwani yetu huongeza nguvu. Tatu, maji ya ndani huvurugwa, hasa karibu na midomo ya mito kama Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma, ambayo mwishoni mwa masika bado inashusha tope.

Kwa hiyo mvuvi wa kusi hana haja ya kuwafuata samaki mbali. Kazi yake ni kujua ni samaki gani wanaobaki au kuingia ndani, na wakati gani wanapita karibu. Hao ni kolekole, mzia, chewa wadogo, tembo, kibua, na ngisi usiku unapokuwa shwari. Wote hawa ni wawindaji. Wanakula samaki wadogo na kamba, ndiyo maana wanaweza kudanganywa na kitu kinachofanana na samaki mdogo au kamba.

Tasi na pono hawamo katika orodha hii. Wao hula majani na ukungu wa mawe, kwa hiyo hata ukitupa chambo bandia kizuri kutwa nzima hawatakiangalia. Changu naye huja mara moja moja tu, kwani hupenda zaidi chambo chenye harufu. Ni vizuri kulijua hilo mapema kabla hujatumia pesa.

Samaki anadanganywa vipi

Samaki mwindaji hutumia zaidi macho na ule mstari unaopita ubavuni mwake, ambao humwezesha kuhisi mtikisiko wa maji. Chambo halisi humwita kwa harufu na humpa muda wa kuonja. Chambo bandia hakina harufu wala ladha. Kina mwendo, mng'ao na umbo tu. Ndiyo maana chambo bandia kikitulia hakina maana, isipokuwa pale unapokituliza makusudi.

Samaki mdogo aliyejeruhiwa hakimbii kwa mwendo mmoja. Hukimbia, husita, huanguka kidogo, kisha hukimbia tena. Mwendo huo ndio unaomwamsha kolekole. Anayevuta mshipi kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho hupata samaki mara chache kuliko anayevuta mara tatu, akasita kwa muda wa kuhesabu moja mbili, akavuta tena. Mara nyingi samaki hushika wakati ule wa kusita.

Kuhusu rangi, maneno ni mengi lakini kanuni ni fupi. Maji yakiwa safi na jua limetoka, tumia nyeupe, fedha au buluu. Maji yakiwa na tope, tumia rangi inayoonekana kwa kivuli au kwa ukali wake: nyeusi, dhahabu, chungwa, au kijani cha kung'aa. Rangi nyekundu hupotea haraka kadiri kina kinavyoongezeka, na chini huonekana kama kijivu. Kwa hiyo usilipie nyekundu ukidhani samaki wa chini ataiona kama unavyoiona wewe dukani.

Vyuma, mpira na kamba wa bandia

*Chuma.* Hiki ni kipande cha chuma kinachong'aa, mfano wa kijiko kisicho na mpini. Inasimuliwa kwamba Mmarekani Julio Buel alidondosha kijiko ziwani, akaona samaki akikifuata kinavyozama na kumetameta, na mwaka 1852 akapata hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Hata leo unaweza kutengeneza chako kwa kijiko cha chuma kisichoshika kutu: kata mpini, toboa tundu kila upande, funga ndoana upande mpana na mshipi upande mwembamba. Weka kile kiungo kidogo kinachozunguka baina ya mshipi na chuma, la sivyo mshipi utajisokota mpaka ukatike. Faida ya chuma ni uzito: kinaruka mbali hata upepo ukiwa mbishi, na unaweza kukitupa ukiwa umesimama nchi kavu.

*Mpira.* Ni samaki au mnyoo wa mpira laini aliyevishwa ndoana yenye kichwa cha risasi. Huyu hutembezwa chini taratibu: mwache afike chini, mnyanyue kiasi cha kiwiko, mwache ashuke tena. Chewa na tembo humshika anaposhuka, kwa hiyo mshipi usiwe umelegea sana wakati huo. Kwenye matumbawe tumia ndoana moja inayoangalia juu. Ndoana za meno matatu zitanasa kwenye mawe na utamaliza pesa kabla ya adhuhuri.

Tahadhari moja hapa. Ukiona mpira umekatwa kama kwa mkasi, kuna bunju. Na ukimvua, mrudishe. Sumu ya bunju haiishi kwa kupikwa, kukaangwa wala kukaushwa, na inaua. Njaa ya kipupwe isikufanye ujaribu.

*Kamba wa bandia kwa ngisi.* Hiki ni chambo chenye umbo la kamba na safu mbili za sindano mkiani. Hutupwa usiku pembezoni mwa majani ya bahari, mahali penye utulivu, huku taa ikimulika maji. Ngisi hupenda kukaa mpakani, pale mwanga unapoishia na giza kuanza. Nyanyua mara mbili kwa nguvu, kisha kiache kishuke polepole. Ukihisi uzito kama wa kitambaa kilicholoa, anza kuvuta bila kusita, kwani sindano zile hazina jino la kumzuia asichomoke. Ukilegeza tu, amekwenda. Maji yakiwa na tope usijisumbue: ngisi huwinda kwa macho.

Manyoya: chambo chepesi kuliko vyote

Huko Ulaya, watu walianza zamani kufunga manyoya kwenye ndoana ili yafanane na wadudu wanaoanguka mtoni, wakaita chambo hicho nzi. Baadaye ufundi huo ukaingia baharini, na baharini haufanani tena na nzi: unafanana na simu, dagaa au kamba. Leo katika visiwa vya Shelisheli wapo wageni wanaosafiri maelfu ya kilomita kuvua kolekole kwa manyoya tu, kisha wanamrudisha majini.

Manyoya yana sifa ambayo chuma hakina. Hata yakisimama, yanapumua. Maji yakiyagusa, nyuzi hufunguka na kufunga kama samaki aliye hai. Kwa hiyo yanafaa mahali pa maji mafupi ambapo chuma kingeanguka kwa kishindo na kuwatawanya samaki.

Kuyatengeneza hakuhitaji duka. Chukua ndoana, manyoya meupe marefu ya shingo ya jogoo, na nyuzi chache zinazong'aa ulizochambua kwenye kiroba. Yafunge kwa uzi imara karibu na jicho la ndoana, manyoya yakielekea nyuma na kuzidi ndoana kwa urefu wa kidole. Paka gundi kidogo juu ya fundo. Usijaze sana. Samaki mdogo ni mwembamba, na manyoya yakiwa mengi hayazami wala hayachezi.

Ugumu upo katika kuyatupa, kwa sababu hayana uzito. Wenye vifaa maalumu hutumia mshipi mnene na mzito, na ule mshipi ndio unaobeba manyoya hewani. Wakati wa kusi kazi hiyo ni ngumu hata kwao. Wanaoiweza hujipanga upepo uwe mgongoni au ubavuni, upande ule usio na mkono wa kurushia, ili ndoana isirudi usoni.

Wewe usiye na vifaa hivyo una njia mbili. Ya kwanza ni kurambaza: funga manyoya kwenye mshipi wa mkono na uyaburute nyuma ya ngalawa au mtumbwi, mbali kiasi cha mita 20 au 30, ukifuata ukingo wa majani ya bahari au wa mwamba wa ndani. Ya pili ni ya nchi kavu: chukua chupa ndogo ya plastiki, itie maji nusu, ifunge kwenye mshipi iwe mzigo wa kurushia. Kutoka kwenye chupa acha kipande cha mshipi mwembamba cha mita moja au moja na nusu, kisha manyoya. Irushe, ivute kidogo, sita, vuta tena. Chupa huleta kelele juu ya maji kama samaki wanaorukaruka, na nyuma yake manyoya yanafuata kama samaki aliyeachwa na wenzake.

Ukivua mahali penye mzia, weka waya mwembamba wa kiasi cha shubiri moja mbele ya chambo cha aina yoyote. Meno yake hukata mshipi bila wewe kuhisi.

Saa ya kuvua ni saa ya maji

Hapa ndipo mvuvi anaposhinda au kushindwa, na ndipo pwani yetu ina ratiba inayokaririka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na maji mafu tofauti huwa ndogo sana.

Sasa liunganishe hilo na upepo. Wakati wa kusi, alfajiri na mapema asubuhi ndipo kwa kawaida upepo unapokuwa mpole, na mchana huzidi. Kwa hiyo una saa chache tu za kuvua, na unachokuta majini katika saa hizo kinategemea mwezi.

Asubuhi ya bamvua, maji yanatoka. Samaki wadogo na kamba waliokuwa wamejificha ndani ya mikoko hulazimika kutoka pamoja na maji, na wawindaji huwasubiri mdomoni mwa hori. Simama pale. Tupa chambo juu ya mkondo, kiache kibebwe kama kinavyobebwa kila kitu kingine, kisha anza kuvuta kinapokaribia ukingo wa fungu. Saa ya kwanza na ya mwisho za kupwa ni bora kuliko katikati, kwani katikati mkondo huwa mkali na chambo chepesi hakifiki chini.

Asubuhi ya maji mafu, maji yanaingia taratibu. Wawindaji hupanda nayo juu ya majani ya bahari na kando ya mikoko. Huo ndio wakati wa manyoya: maji mafupi, mwendo mdogo, kelele kidogo.

Na kokote ulipo, tazama juu ya maji kabla hujatupa. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Mkizi wanaporuka kundi zima kuelekea upande mmoja, mara nyingi kuna kitu chini kinawafukuza. Tupa mbele ya kundi, usitupe katikati yake.

Mahali pa kukimbilia upepo

Kwa kuwa kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kivuli cha upepo huwa upande wa kaskazini na magharibi wa kisiwa au rasi. Ndiyo maana magharibi mwa Unguja na Pemba huwa na nafuu wakati mashariki yake inapigwa. Maghuba kama ya Tanga na Mtwara, maji ya ndani ya Kilwa, na mahori ya mikoko ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, nayo hutoa hifadhi. Palipo na mikoko, majani ya bahari na mlango wa maji kwa pamoja, hapo pana samaki hata kipupwe kikiwa kikali.

Hatari ambazo hazionekani ukiwa ufukweni

Mlango wa mwamba ndipo samaki wanapopita, na ndipo watu wanapozama. Asubuhi ya bamvua maji yanayotoka kwa nguvu hukutana na mawimbi ya kusi yanayoingia. Matokeo yake ni mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, yanayoweza kujaza mtumbwi kwa pigo moja. Ukivunjika kasia au mashine ikizima hapo, mkondo unakupeleka nje, si nyumbani. Kwa hiyo bamvua vua upande wa ndani kabisa, mbali na mlango. Ukitaka kuukaribia mlango, chagua maji mafu, na wakati maji yanaingia, ili likitokea lolote usukumwe kuelekea nchi kavu.

Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa. Vaa jaketi la kuokolea. Likiwa limekaliwa kama mto halikusaidii. Simu ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki ikiwa na chaji. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na mkubaliane atamwita nani saa hiyo ikipita.

Anayevua kwa miguu naye ana hatari zake. Vaa viatu vya soli ngumu. Buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani akuhisi na kuondoka. Ukichomwa na taa au na samaki wa mawe mwenye miiba ya sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na uende kituo cha afya hata maumivu yakipungua. Pia angalia saa: maji ya bamvua yanapoanza kujaa hupita nyuma yako kwanza, kwenye mifereji, kabla hujayaona mbele.

Kwa ndoana, bana lile jino la ndani kwa koleo mpaka lilale. Utapoteza samaki wachache, ndiyo. Lakini ndoana iliyokuingia kidoleni itatoka ilivyoingia, na samaki mchanga utamrudisha akiwa mzima.

Sheria na kesho yetu

Mshipi na ndoana si zana haramu. Hata hivyo, mvuvi na chombo chake wanatakiwa kuwa na leseni na usajili, na maeneo ya hifadhi yana kanuni zake. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kuna kanda ambazo haziruhusiwi kuvuliwa kabisa na nyingine zinazoruhusiwa kwa masharti. Vipo pia vijiji ambavyo hufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Muulize ofisa uvuvi au viongozi wa BMU wa kijiji chako kabla hujaingia eneo usilolijua.

Kipupwe ndicho kipindi ambacho kishawishi cha kokoro na baruti huwa kikubwa, kwa sababu njaa iko karibu na maji ya ndani yako karibu. Lakini maji hayo ya ndani ndiyo kitalu. Tembo na chewa wengi unaowakuta kwenye mikoko ni watoto ambao bado hawajazaa hata mara moja. Kokoro huchukua wote na kung'oa majani yanayowalea. Mshipi humchukua mmoja, na bado unaweza kuamua kumwachia. Na mshipi uliokatika usiuache majini: uvute, uuviringe, urudi nao. Kasa hunaswa humo, na matumbawe hufa yakisongwa.

Hesabu ya mwisho ni ya nyumbani

Chambo bandia hakitaleta mzigo wa kujaza gari. Faida yake iko kwingine. Wewe mwenyewe andika kwa juma moja unatumia kiasi gani kununua dagaa, kamba au ngisi wa chambo, ambao wangeweza kuliwa au kuuzwa. Kisha linganisha na chuma kimoja ulichotengeneza kwa kijiko na manyoya matatu ya jogoo, ambavyo visiponasa kwenye jiwe vitakutumikia msimu mzima. Kwa nyumba nyingi, kolekole wawili wa kilo moja moja asubuhi ya siku ambayo bahari ya nje imefungwa ni tofauti kati ya kukopa kwa mchuuzi na kutokukopa.

Wiki hii anza na jambo moja dogo: tazama mwezi, ujue maji yanajaa saa ngapi kijijini kwako, kisha nenda mdomo wa hori alfajiri ukiwa mikono mitupu, uangalie tu mkizi wanaruka upande gani. Ukirudi mara ya pili na mshipi, utajua pa kutupa.

Ukiwa na swali, au ukiwa na njia ya kufunga manyoya inayotumika kijijini kwako, tutumie ujumbe wa simu. Tutausoma hewani.